Sarafu za Kale za Delta ya Rufiji: Ni Rikazi, Luqata au Mirathi?

 

Ndugu msomaji, mafuriko ya Aprili 2024 yalibomoa nyumba nyingi katika Rufiji na Kibiti. Baada ya maji kushuka, ndugu wawili wa kijiji kimoja cha delta walinijia Ijumaa moja baada ya swala. Walikuwa wakichimba msingi mpya pale iliposimama nyumba ya babu yao, jembe likagonga kijungu cha udongo. Ndani mlikuwa na sarafu 39, zimefungwa kwa kipande cha kaniki ambacho kutu ya kijani ya shaba ilikuwa imekihifadhi kisioze chote.

Mdogo alikuwa ameshapata mnunuzi kwa simu. Mnunuzi huyo alipoonyeshwa picha alisema zile ni za mwaka 1299, yaani zina zaidi ya miaka mia saba, akahimiza auziwe upesi kabla serikali haijajua. Mkubwa yeye alikuwa na rai nyingine. Alisema: "Sheikh, hii ni rikazi. Tunatoa moja ya tano iwe mabati ya msikiti, na nne ya tano ni yetu sisi tuliochimba."

Nakiri kwamba maneno ya mkubwa yalinifurahisha, kwa sababu paa la msikiti wetu linavuja. Lakini hukumu haitolewi kwa kutazama paa. Niliwaomba wasiuze, wasioshe, na waniachie siku kadhaa nizisome. Nilichojifunza ndicho ninachowaletea maimamu na wanafunzi katika makala hii: fakihi hawezi kutoa hukumu ya mali iliyofukiwa mpaka kwanza aitambue ni mali ya zama gani na ya nani.

ELIMU HII SI NGENI KATIKA UISLAMU

Wako wanaodhani kwamba kuchunguza sarafu za kale ni mchezo wa wazungu wenye nafasi. Sivyo. Katika Surat al-Kahf, aya ya 19, Allah (SW) anataja jinsi vijana wa pangoni walivyomtuma mwenzao mjini na fedha yao kununua chakula. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wanaeleza kuwa muuzaji aliishangaa ile fedha kwa kuwa ilikuwa na chapa ya mfalme wa zamani, watu wakamdhania kijana yule kuwa ameokota hazina. Basi sarafu ndiyo iliyodhihirisha kwamba walilala miaka mingi.

Vile vile katika hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (RA), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alipoulizwa juu ya mali iliyookotwa alielekeza kwamba kwanza kijulikane chombo chake na kamba iliyofungiwa, kisha itangazwe mwaka mzima. Tazama mpangilio huo, ndugu yangu: kutambua kumetangulia, kutangaza kumefuata, na kutumia kumekuja mwisho.

Wanazuoni nao waliandika. Al-Baladhuri aliweka mlango wa habari za sarafu mwishoni mwa Futuh al-Buldan, na al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 845 H (1442), alitunga risala mahsusi juu ya fedha za Kiislamu. Majina yenyewe yana historia: dinari asili yake ni Kirumi, dirhamu ni Kiyunani, na fulusi pia ilitoka kwa Warumi kabla ya kuingia katika Kiarabu. Waislamu wa mwanzo walitumia sarafu za Warumi na Waajemi, mpaka Khalifa Abdul Malik bin Marwan alipopiga dinari ya Kiislamu isiyokuwa na sura ya mtu mwaka 77 H.

Hata nisabu tunayowafundisha watu katika darsa za zaka ina uhusiano na jambo hili. Tunasema dhahabu gramu 85 na fedha gramu 595. Hesabu hiyo aliipa nguvu Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika Fiqhu-z-Zakat kwa kutegemea uzito wa dinari na dirhamu za kale zilizohifadhiwa katika makumbusho: dinari gramu 4.25 na dirhamu gramu 2.975. Zidisha ya kwanza kwa 20 na ya pili kwa 200, utapata nisabu zetu. Basi aliyezihifadhi sarafu hizo amesaidia ibada ya umma mzima.

KWA NINI FEDHA ZA KIGENI KATIKA DELTA?

Anayeijua delta leo kwa mikoko, kamba na mashamba ya mpunga anaweza kushangaa fedha za Vienna na Bombay zimefikaje huko. Lakini mito ile ilikuwa mlango wa dunia tangu kale. Katika eneo la Mkukutu, karibu na Kibiti, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua shanga za kioo za Kirumi, habari aliyoichapisha mwaka 1999. Akazihusisha na mji wa Rhapta, uliotajwa na mabaharia wa Kiyunani katika karne ya kwanza Miladia, miaka mia tano na zaidi kabla ya Hijra.

Ng'ambo ya midomo ya Rufiji ipo Mafia, na upande wa magharibi wa kisiwa hicho yapo magofu ya Kisimani, mji uliokuwa chini ya himaya ya Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba. Katika zama za Sultan al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimtembelea mwaka 731 H (1331), ilipigwa hata dhahabu: sarafu tatu za dhahabu zenye jina lake zilielezwa na mtaalamu Helen Brown mwaka 1991. Sarafu ya shaba ya sultani huyo imeokotwa hadi katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Na sarafu tano za Kilwa ziliokotwa na askari mmoja katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akakaa nazo miaka mingi bila kujua ni nini.

Baadaye delta ikawa soko la boriti. Majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Uajemi yalikuja na kaskazi, yakapakia boriti za mikoko, yakarudi na kusi. Mfanyabiashara wa Kihindi alileta rupia, Mwarabu alileta reale, na Sayyid wa Unguja alileta pesa zake. Kisha akaja Mjerumani na kodi ya nyumba. Kuanzia mwaka 1898 kila nyumba ya shamba ilidaiwa rupia tatu. Wazee wetu hawakuitafuta rupia kwa anasa. Waliitafuta ili wasifungwe au wasitiwe katika kazi za kulazimishwa. Dhuluma hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za Maji Maji, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa hapo Mohoro tarehe 4 Agosti 1905.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza. Meli ya kivita Königsberg ilijificha katika mito ya delta mwaka 1914 na ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Mwishoni mwa mwaka 1916 jeshi la Kijerumani lilirudi nyuma mpaka Rufiji, na askari na wapagazi wakajaa katika nchi ambayo haikuwa na chakula cha kuwatosha. Wajerumani, fedha zilipowaishia, walitoa noti za karatasi za muda. Mwenye akili aliishika fedha ya madini, akachimba shimo ndani ya nyumba yake, akafukia.

KUZISOMA SARAFU MOJA MOJA

Nilizipanga juu ya mkeka mafungu sita.

Kwanza, rupia za fedha 23. Tisa ni za Kihindi zenye sura ya Malkia Victoria. Kumi na nne ni za Kijerumani, zina sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Za kampuni ya Kijerumani, zilizopigwa kati ya 1890 na 1902, utazijua kwa simba aliyesimama mbele ya mti upande wa pili. Rupia zote hizi zina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 12 za madini, 11 ni fedha safi.

Pili, reale tatu kubwa zenye sura ya mwanamke mnene. Hii ni sarafu ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo wazee wa pwani waliiita reale ya Sham. Ile ya Kihispania yenye nguzo mbili waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zile waliziona kama mizinga. Hapa pana mtego. Reale ya Sham ina mwaka 1780, na watu huapa kuwa ni ya karne ya kumi na nane. Mwaka huo ni wa kufa kwa malkia. Sarafu iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule baada yake, hata London na Bombay katika karne ya ishirini, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi hawakukubali nyingine. Wataalamu hutofautisha ya zamani na ya karibuni kwa kipambo cha begani na manyoya ya mkia wa tai, si kwa mwaka. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha safi ndani yake ni kama gramu 23.4.

Tatu, pesa sita za shaba zenye picha ya mizani na mwaka ١٢٩٩. Hizi ndizo alizozisema mnunuzi kuwa zina miaka mia saba. Sarafu imeandikwa kwa Kiarabu na mwaka wake ni wa Hijria! Kanuni nyepesi ni hii: chukua mwaka wa Hijria, toa sehemu yake moja ya thelathini na tatu, kisha ongeza 622. Mwaka 1299 ukitoa 39 unabaki 1260, ukiongeza 622 unapata 1882. Hizi ni pesa za Sayyid Barghash bin Said wa Unguja. Jina lake limeandikwa upande wa pili, na mwanafunzi wa madrasa anayejua kusoma khati angelisoma. Ama yule mnunuzi alikuwa hajui, ama alijua akanyamaza.

Nne, pesa nne za Kijerumani. Upande mmoja una tai na jina la kampuni kwa Kijerumani, na upande wa pili una maandishi ya Kiarabu: Sharika Almaniya. Mkoloni alijua kwamba wenyeji wa pwani wanasoma Kiarabu, ndipo akaandika kwa herufi zetu ili pesa yake ikubalike. Sarafu hii ina tarehe zote mbili, 1307 kwa 1890, 1308 kwa 1891 na 1309 kwa 1892. Ni mwalimu mzuri kwa anayetaka kujifunza kanuni niliyoitaja.

Tano, sarafu mbili za heller 20. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia, wakaweka heller 100. Hizi mbili ni za shaba ya manjano, zimepigwa ovyo ovyo, zina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T. Herufi hiyo ni ya Tabora. Mjerumani alipozuiliwa baharini alipiga sarafu hapa hapa nchini, mpaka Tabora ilipotekwa na Wabelgiji Septemba 1916. Huko ndiko ilikopigwa pia rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, ambayo leo wakusanyaji wanaitafuta sana. Katika kijungu chetu haikuwamo.

Sita, sarafu moja nyembamba ya shaba, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Haina mwaka. Upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola yaliyopangwa yapate vina na jina lile. Namna hiyo ndiyo alama kubwa ya sarafu za Kilwa. Sarafu hii peke yake katika zote ina umri wa mamia ya miaka.

ILIYO CHANGA KULIKO ZOTE NDIYO SHAHIDI

Mkubwa aliposikia habari ya Kilwa alifurahi. "Si nilisema, Sheikh? Ni mali ya watu wa kale."

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kijungu hakihukumiwi kwa sarafu iliyo kongwe. Sarafu ya Kilwa inaweza kuokotwa pwani na mtoto mwaka wowote, ikatiwa katika kijungu pamoja na za jana. Lakini sarafu ya mwaka 1916 haiwezi kufukiwa mwaka 1900. Basi iliyo changa kuliko zote ndiyo inayotueleza: kijungu hiki hakikufukiwa kabla ya mwaka 1916.

Kuna dalili nyingine. Ndani yake hamkuwa na shilingi hata moja. Waingereza walileta florini mwaka 1920 na shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, rupia moja ikahesabiwa kwa shilingi mbili. Kama mwenye mali angekuwa akiongeza akiba yake miaka ya baadaye, tungetarajia kuziona shilingi za simba. Dalili hii ya pili ni dhana yenye nguvu, haifiki kuwa yakini, nasi tuiweke katika daraja yake. Ya kwanza ni yakini.

Wazee wa kijiji wanasema nyumba ile aliijenga babu wa vijana hawa kabla ya vita vya Wajerumani, naye hakuhama mpaka alipofariki zama za Waingereza. Basi alikuwa akiishi humo wakati kijungu kinafukiwa.

HUKUMU YAKE

Mafakihi wanagawa mali iliyokutwa ardhini katika mafungu, na hapa nafuata madhhebu ya Imam Shafii (RA) tunayoyafuata pwani hii.

1. Rikazi. Ni mali iliyofukiwa na watu wa Jahiliya, yaani kabla ya Uislamu. Hadithi ya Abu Huraira (RA) imethibitisha kuwa humo mna khumusi, yaani moja ya tano. Imam an-Nawawi katika Minhaj ameshurutisha iwe dhahabu au fedha na ifike nisabu, wala haingojewi mwaka. Laiti ingepatikana delta hazina ya dhahabu ya zama za zile shanga za Mkukutu, katika ardhi isiyo na mwenyewe, tungezungumza habari ya rikazi. Na hata hapo, kwa kauli inayotegemewa katika madhhebu, khumusi inakwenda kwa wanaostahiki zaka. Mabati ya msikiti hayamo katika mafungu manane.

2. Luqata. Mali yenye alama ya Uislamu, kama jina la sultani wa Kiislamu, ikiwa mwenyewe hajulikani, ni luqata: hutangazwa mwaka. Na ikiwa haijulikani ni ya Jahiliya au ya Kiislamu, vile vile ni luqata. Kwa hiyo mwenye kuokota sarafu za Kilwa Kisimani hana haki ya kusema ni rikazi, maana Kilwa ilikuwa dola ya Waislamu yenye misikiti na makadhi.

3. Mali ya mwenye kujulikana. Huyo ni wake, na akifa ni ya warithi wake.

Atasema msemaji: rupia hizi zina sura ya Kaisari na Malkia, ambao si Waislamu, basi kwa nini zisiwe rikazi? Jawabu ni kwamba wanazuoni wetu, kama ar-Rafii, wametazama ni nani aliyefukia, si nani aliyepiga chapa tu, kwa sababu Muislamu anaweza kupata sarafu ya kafiri akaifukia. Na haya ndiyo hasa yaliyotokea pwani yetu. Chapa ni ya Berlin na Bombay, lakini jasho ni la mtu wa Rufiji aliyekata boriti na kulima mpunga.

Basi kijungu kile kimefukiwa mwaka 1916 au baadaye, ndani ya nyumba inayokaliwa na mwenyewe, naye ni Muislamu anayejulikana kwa jina na nasaba. Ni mali yake. Hakuna khumusi, na wala aliyechimba hana haki zaidi ya asiyechimba. Ni mirathi iliyochelewa miaka mia moja.

MIRATHI ILIYOSAHAULIKA

Nikawauliza vijana: "Babu yenu aliacha nani?" Wakasema: "Aliacha bibi yetu, na baba yetu." Nikauliza tena: "Hakuwa na mtoto mwingine?" Wakatazamana. Mkubwa akasema kwa sauti ya chini: "Alikuwako shangazi. Aliolewa Mafia."

Shangazi huyo amefariki, lakini ana watoto na wajukuu. Hakuna aliyekusudia kuwadhulumu. Walisahauliwa kwa sababu wako ng'ambo ya maji, na kwa sababu katika nyumba zetu nyingi haki ya binti aliyeolewa mbali husahauliwa hata ikiwa mali iko wazi, sembuse ikiwa chini ya ardhi.

Wanafunzi wa ilmu ya faraidhi wataijua hesabu hii kuwa ni munasakha. Babu alifariki, wazazi wake wakiwa wametangulia, akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Tufanye mali sehemu 24. Mke ana thumuni, yaani 3. Zinabaki 21: mtoto wa kiume 14, wa kike 7. Kisha akafariki mke, naye warithi wake ni watoto wake hao hao wawili: sehemu zake 3 zinagawanywa, 2 kwa wa kiume na 1 kwa wa kike. Jumla, wa kiume 16 na wa kike 8. Zile 16 za baba zimewafikia vijana hawa wawili peke yao, kila mmoja 8. Zile 8 za shangazi ni za warithi wake wa Mafia.

Mafungu matatu yaliyo sawa. Kama tungeifuata rai ya rikazi, vijana wangechukua nne ya tano, msikiti ungechukua moja ya tano, na watu wa Mafia wasingepata hata senti. Msikiti wetu ungeezekwa kwa haki ya mayatima wa shangazi. Mimi niliyekuwa nimefurahi ndiye ningebeba mzigo wa fatwa hiyo.

Kabla ya kugawa, tulitangaza kwa wazee wa kijiji kama yupo anayedai deni au amana kwa marehemu, maana deni linatangulia mirathi hata likiwa la miaka mingi. Hakutokea mtu.

NAMNA YA KUZITHAMINI

Sarafu ya kale ina thamani tatu. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake, na hiyo imekufa. Ya pili ni ya madini yake. Ya tatu ni ya uadimu na hali yake, na hiyo ndiyo inayowavuta wakusanyaji. Heller ya shaba inaweza kuwa na bei kuliko rupia ya fedha iliyochakaa. Kwa hiyo haifai kugawa kwa idadi, huyu 13 na huyu 13. Mafakihi wamesema mgawanyo unaohitaji kukadiria thamani unataka waadilifu wawili wajuzi. Pande zote mbili zilikubaliana sonara mmoja wa kupima madini, na mtu wa pili mwenye ujuzi wa sarafu.

Ama zaka, fedha safi katika rupia 23 na reale tatu ni karibu gramu 316, chini ya nisabu. Rupia pekee zinafika nisabu zikiwa 56, na reale ya Sham zikiwa 26. Shilingi ya 1921 robo yake tu ndiyo fedha, kwa hiyo zinatakiwa 307. Lakini mrithi mwenye fedha nyingine atajumlisha fungu lake na alichonacho.

Naomba maimamu wawafikishie watu nasaha hizi:

Msizioshe. Kusugua kwa mchanga, majivu au ndimu kunaondoa ngozi ya sarafu na thamani yake pamoja nayo. Msitupe chombo wala kitambaa, maana hivyo ni ushahidi, kama hadithi ya luqata ilivyotufunza. Msizitenganishe kabla hazijaandikwa zote, kwa sababu heller mbili zisizo na sura nzuri ndizo zilizotupa hukumu. Laiti zingetupwa, tusingejua.

Msiuze kabla ya kutambua. Katika madhhebu yetu kupunjwa bei peke yake hakumpi muuzaji hiari ya kuvunja mauzo, kwa hiyo ukishauza kwa ujinga wako hasara ni yako. Na anayetaka kubadilisha fedha kwa fedha au dhahabu kwa dhahabu, iwe uzito sawa na mkono kwa mkono, ukale wa sarafu hauhalalishi ziada. Aiuze kwa shilingi taslimu, ndiyo salama.

Na sheria ya nchi nayo iheshimiwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa ni cha kale, kinatakiwa kutolewa taarifa, na hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Rupia za Kaisari hazimo, lakini ile ya Kilwa imo. Tuliwashauri warithi waitolee taarifa, nao wakaridhia. Mnunuzi anayekuhimiza uuze kabla serikali haijajua amekwisha kukuonyesha nia yake.

Wiki iliyofuata ndugu mdogo, yule aliyekuwa na haraka ya kuuza, alipanda mashua Nyamisati akaenda Mafia na orodha ya sarafu zote 39 tuliyoiandika kwa mkono. Alirudi na binti wa shangazi yake, mama mtu mzima ambaye hakuwa amefika delta tangu utotoni. Alipoonyeshwa ile kaniki aliishika, akamuombea dua babu yake, na hakuuliza bei.

Tunamuomba Allah (SW) awarehemu wazee wetu waliofukia jasho lao wasirudi kulifukua, atuwezeshe kufikisha haki kwa wenyewe, na asitufanye miongoni mwa wanaotoa fatwa kwa kutazama maslahi yao. Wallahu Aalam.